Utepe, Rangi na Kosa la Mwalimu

Mtoto wa Bunia hana haja ya kuinua kichwa ili ajue ni chombo gani kipitacho angani. Helikopta huitambua kwa kishindo chake kabla haijatokea juu ya mapaa. Ndege ndogo ya injini moja huitambua kwa mlio wake wa mfululizo. Na ndege kubwa ya mizigo huisikia kifuani kuliko masikioni. Mji wetu umezoea vyombo hivyo. Barabara ikifungwa kwa vita au ikizama katika matope, ndege ndizo ziletazo dawa na wageni, nazo ndizo zichukuazo wagonjwa. Mwezi wa Juni mwaka 2003, askari wa Umoja wa Ulaya, wengi wao Wafaransa, waliposhuka Bunia baada ya mapigano makali, sisi tuandikao haya tulikuwa mtoto wa miaka 13. Tulizihesabu ndege zao kwa mkaa katika ukuta wa nyumba tuliyokimbilia, mstari mmoja kwa kila ndege iliyotua, mpaka mama akatukataza kuchafua ukuta wa watu.

Kwa hiyo, tulipoanza kazi ya ualimu, hatukushangaa kuwaona wanafunzi wetu wakitengeneza ndege ndogo za mfano. Wengine hutumia makopo ya maziwa, wengine mabua na waya, wengine vipande vya mbao laini za makasha. Zote zina mabawa, na karibu zote zina ubaya mmoja, ndio ubaya wa rangi. Mtoto huchonga vizuri, hupiga msasa vizuri, kisha hushika brashi na kuuchora mstari kwa mkono mtupu. Na mstari huenda kama njia ya mlevi. Kazi ya majuma matatu huharibika kwa dakika tatu.

Leo twataka kuwaelezeni namna ya kupaka rangi ndege za mfano kwa kufunika, ili mistari inyoke na rangi zisiingiliane. Lakini haitakuwa haki kuieleza kazi hiyo bila kulieleza pia kosa tulilolitenda kwayo mwaka 2019, maana kosa hilo lilitufundisha kuliko kazi yenyewe.

NDEGE TULIYOICHAGUA

Mwezi wa Oktoba mwaka 2019 Baba Mtakatifu Fransisko, ambaye sasa ni marehemu, aliagiza kumbukumbu ya Bikira Maria wa Loreto iandikwe katika kalenda ya Kanisa zima, iwe kumbukumbu ya hiari tarehe 10 Desemba. Huenda wasomaji wengine hawajui kwamba Mama huyo wa Loreto ndiye msimamizi wa wote warukao angani. Papa Benedikto wa 15 alimtangaza hivyo tarehe 24 Machi 1920, kwa sababu ya mapokeo ya kale yasemayo kwamba nyumba takatifu ya Nazareti ilichukuliwa na malaika kupitia hewani hata ikafika Loreto, katika nchi ya Italia. Tuliposimulia habari hiyo darasani, watoto wa darasa la sita walisema kwa sauti moja kwamba yafaa watengeneze ndege moja kubwa kwa ajili ya siku hiyo, kazi ya darasa zima.

Wakaichagua ndege ya Cessna Caravan, kwa kuwa wameiona mara nyingi: ina injini moja mbele, bawa lake liko juu ya mwili, na magurudumu yake hayakunjwi. Ile ndefu ya aina hiyo ina upana wa karibu mita 16 kutoka ncha ya bawa moja hata ya pili, na urefu wa karibu mita 13. Tuliifanya kwa kipimo cha 1 kwa 20. Ikawa na upana wa sentimita 79 na urefu wa sentimita 63. Hesabu hiyo peke yake ilitupatia masomo ya siku mbili. Mwili ulichongwa kwa mbao laini, na vioo vilikatwa katika chupa tupu za maji.

Juu ya rangi hapakuwa na ubishi. Ndege yote iwe nyeupe, na juu ya pezi la mkia, yaani lile bamba lisimamalo wima nyuma, ipakwe bendera ya nchi yetu. Bendera tuliyo nayo tangu mwaka 2006 ni ya rangi ya samawati, na mstari mwekundu unaipitia mshazari kutoka pembe ya chini iliyo upande wa mlingoti hata pembe ya juu ya upande wa pili. Kila ukingo wa mstari huo una mstari mwembamba wa manjano, na katika pembe ya juu, karibu na mlingoti, kuna nyota ya manjano. Samawati ni amani, nyekundu ni damu ya waliokufa kwa ajili ya nchi, manjano ni utajiri wake, na nyota ni tumaini la siku zijazo. Ni bendera nzuri, na ni ngumu kuipaka. Asiyejua kufunika asijaribu.

NAMNA YA KUFUNIKA

Kazi hii hatukuisoma seminarini. Tulifundishwa na fundi mmoja wa gereji mjini, ambaye kazi yake ni kupaka rangi malori na pikipiki. Alituonyesha utepe wa karatasi wenye gundi, wa rangi ya maziwa, ambao watu hapa huuita skochi ya karatasi, akatuambia: "Mwalimu, utepe ni mgeni. Umpokee vizuri, umpe kazi, lakini usimlaze siku tatu." Maana gundi ikikaa mno hushikana na rangi ya chini, na siku ya kuutoa utepe hukubali kutoka vipande vipande tu, au hutoka na kitu kisicho chake.

Haya ndiyo aliyotufundisha, pamoja na yale tuliyoyajua baadaye kwa kujaribu.

Kwanza, ndege ioshwe kwa maji na sabuni, ikaushwe, isishikwe tena kwa vidole vyenye mafuta. Rangi haishiki juu ya jasho la mtu.

Pili, rangi nyepesi itangulie, nzito ifuate. Nyeupe na manjano zikipakwa juu ya samawati au nyekundu hazionekani safi hata ukipaka mara nne. Kwa hiyo katika bendera yetu pezi zima hupakwa manjano kwanza, baada ya nyeupe. Kisha hubandikwa tepe mbili nyembamba mahali pa ile mistari miwili ya manjano, na nyota iliyokatwa katika utepe hubandikwa mahali pake. Katikati ya tepe hizo mbili hufunikwa kwa utepe mpana, ndipo samawati hupakwa. Samawati ikikauka kabisa hufunikwa nayo, ule utepe mpana wa katikati hutolewa, na nyekundu hupakwa. Mwisho hutolewa zote. Manjano huonekana siku ya mwisho, ingawa ilipakwa siku ya kwanza.

Tatu, usitumie ukingo wa utepe kama ulivyotoka dukani. Ukingo huo umeshika vumbi na nyuzi, nao hauko sawa. Ubandike utepe juu ya kipande cha kioo, uweke rula, ukate ukingo mpya kwa wembe mkali. Tena, kabla ya kuuweka katika ndege, ubandike mara moja au mbili nyuma ya mkono wako, ili gundi ipunguze ukali wake.

Nne, ukishaubandika, usugue ukingo wake kwa kijiti kilicholainishwa mpaka ushike kila mahali, hasa penye mifereji na maungio. Mahali palipopinda usitumie utepe mpana, kwa maana hautapinda bali utafanya mikunjo. Ukate ukanda wa milimita 2, nao utafuata kona kama nyoka afuatavyo njia. Kisha uijazie nafasi iliyobaki kwa utepe mpana au kwa karatasi ya gazeti.

Tano, nayo ndiyo siri wasiyoijua wengi: kabla ya kupaka rangi mpya, pitisha juu ya ukingo wa utepe rangi ile ile iliyo chini yake. Kama kuna tundu, rangi itakayopenya itakuwa ya chini, nayo haitaonekana. Tundu likishazibwa hivyo, rangi mpya haina pa kupita.

Sita, paka rangi nyembamba, mara mbili au tatu, wala si mara moja nzito. Brashi itoke juu ya utepe kwenda mahali palipo wazi. Isisukume rangi kuelekea chini ya utepe.

Saba, utepe utolewe polepole, ukikunjwa juu ya mgongo wake wenyewe, karibu kabisa na bamba. Usiuvute kwenda juu, maana ukiuvuta hivyo waweza kuing'oa rangi.

Wenye kopo la rangi ya kupuliza waweza kufanya zaidi. Wakitaka mabaka ya ndege za kivita, ambayo kingo zake ni laini, huikata karatasi kwa umbo la baka na kuishikiza juu ya vijiti vya udongo laini wa kufinyangia, isiguse ndege; rangi hupita chini yake kidogo, na ukingo hufifia. Lakini mwanafunzi aangalie kwanza ndege halisi ilivyo. Mwezi wa Juni mwaka 1944, majeshi yalipojiandaa kuvuka bahari kwenda Normandie, ndege zao zilipakwa mistari 5, mitatu myeupe na miwili myeusi, katika mabawa na mwili, ili askari wao wasizipige kwa makosa. Mistari mingi ilipakwa kwa haraka, kwa brashi, nayo haikunyooka. Atengenezaye mfano wa ndege ya siku zile na kuipa mistari iliyonyoka kama ya kitabu ameipamba ndege, lakini hakusema kweli.

Tena kuna jambo moja tuliloliweka mwisho kusudi. Kila utepe uliobandikwa lazima utolewe, na aliyeubandika auhesabu. Tarehe 2 Oktoba 1996 ndege ya Boeing 757 ya shirika la Aeroperú iliondoka Lima, mji mkuu wa Peru, usiku. Ilikuwa imeoshwa, na vile vitundu vidogo vya ubavuni, ambavyo kwavyo ndege hupima hewa ili ijue mwendo wake na kimo chake, vilikuwa vimefunikwa kwa utepe ili maji yasiingie. Utepe haukutolewa. Marubani waliruka gizani juu ya bahari huku saa zao zikiwadanganya, na ndege ikaanguka majini. Watu wote 70 waliokuwamo walikufa. Kufunika hakukuwa kosa; kuacha kufunua ndiko kulikowaua.

Habari hiyo tuliwasimulia watoto sisi wenyewe, mwezi huo huo wa Novemba, kwa sauti ya mtu ajuaye.

ALAMA YA KIDOLE

Katika darasa letu alikuwamo mvulana mmoja ambaye hatutamtaja jina. Alifika Bunia mwaka 2018 pamoja na mama yake na ndugu zake wadogo, wakiyakimbia mauaji yaliyoanza tena huko Djugu mwishoni mwa mwaka 2017. Walikaa katika kambi ya wakimbizi wa ndani, chini ya turubai. Alikuwa mtoto wa maneno machache. Lakini mikono yake ilikuwa tulivu kuliko mikono yote, na wenzake wenyewe ndio waliomchagua awe mwenye kutoa tepe. Yeye ndiye aliyetukumbusha kwamba katika ubavu wa kuume wa ndege upande wa mlingoti lazima uelekee mbele, kana kwamba bendera yapepea kwa mwendo, na kwa hiyo nyota itakuwa upande wa kuume. Tulikuwa tumeichora vibaya.

Novemba ni mwezi wa mvua kwetu, na mwaka ule mvua haikupumzika. Rangi ya mafuta ambayo wakati wa jua hukauka kwa siku moja ilikaa siku tatu bila kuwa ngumu. Samawati tuliipaka siku ya Ijumaa, tarehe 22. Kwa haki yake ilihitaji kungoja mpaka Jumanne au Jumatano. Lakini sikukuu ilikuwa inakaribia, tena tulikuwa tumekwisha kumwahidi Padri na wazazi. Jumamosi jioni tukaingia darasani peke yetu tukiwa na taa. Tukaijaribu rangi kwa kidole gumba. Juu ilikuwa kavu. Tulipobonyeza, kidole kikaacha alama. Alama hiyo tuliiona. Tukajiambia kwamba rangi itaendelea kukauka chini ya utepe, tukaifunika.

Jumatatu watoto wakapaka nyekundu. Jumanne yule mvulana akautoa utepe polepole, akiukunja juu ya mgongo wake, kama alivyofundishwa. Samawati ikatoka nayo. Ilitoka kama ngozi ya nyanya iliyomwagiwa maji ya moto, kipande kizima, hata manjano ikaonekana, na mahali pengine hata mbao. Nyekundu, ikikosa ukingo, ikatiririka ndani ya jeraha lile.

Darasa likanyamaza. Nasi, badala ya kunyamaza pamoja nao, tukasema. Tukamwambia yule mtoto mbele ya wenzake 38 kwamba haraka yake imeharibu kazi ya wote. Kisha tukaongeza neno ambalo hata leo twaona aibu kuliandika: kwamba mikono iliyozoea jembe isiguse kazi ya ufundi. Mtoto ambaye baba yake aliuawa shambani, na shamba lenyewe limebaki kwa wenye silaha! Hakujibu. Aliuweka utepe juu ya meza, akauchukua mfuko wake, akaketi mahali pake mpaka kengele. Siku ya pili hakuja, wala siku ya tatu.

Jumanne ile jioni tulibaki kusafisha meza. Tukaukuta utepe umelala chali, gundi juu, na samawati yote imeshikamana nayo. Katikati ya samawati ilikuwako alama ya kidole gumba, kikubwa, cha mtu mzima. Si kwamba tulikuwa tumesahau. Mtu husahau jambo la mwaka jana. Jambo la Jumamosi hulikataa. Tulikuwa tumekataa kukumbuka, na sasa utepe ulikuwa umetutunzia ushahidi.

Tukautia mfukoni. Tukautembeza mfukoni siku nne, tukifundisha Katekisimu.

Jumamosi tulikwenda kuungama. Padri hakututolea hotuba. Alituuliza swali moja tu: mtoto yule alilaumiwa mbele ya watu wangapi? Tukasema 38. Akasema, "Basi, wajua." Na kweli tulijua. Ondoleo la dhambi tulikuwa tumelipata, lakini heshima ya yule mtoto ilikuwa bado mahali tulipoitupa, nasi ndio tuliopaswa kuiokota.

Jumapili, iliyokuwa Dominika ya kwanza ya Majilio, tulikwenda kambini baada ya Misa. Mama yake alitukaribisha kwa heshima tusiyoistahili, akatukalisha juu ya bidoni, akaanza kumwombea msamaha mwanawe kwa kutokwenda shuleni, kwa kuwa hakuambiwa sababu. Mtoto hakuwa amesema kitu nyumbani. Alikuwa ametuficha sisi, aibu yetu, mbele ya mama yake.

Tukamweleza mama yote, tukautoa utepe mfukoni, tukamwonyesha kijana ile alama. Hakuitazama sana. Akasema kwa sauti ya chini:

"Nilijua, Mwalimu. Jumatatu niliposugua ukingo wa utepe, rangi ilibonyea. Nilijua ni mbichi."

Tukamwuliza kwa nini hakusema.

"Ni Mwalimu mwenyewe aliyebandika."

Wasomaji wapenzi, tumesoma seminarini, tumefanya mitihani mingi, na tumesikia mahubiri mengi juu ya unyenyekevu. Hakuna lililotuingia kama maneno hayo manne. Mtoto aliliona kosa kwa macho yake na kuligusa kwa kidole chake, akalipaka rangi nyekundu juu yake, kwa sababu tulikuwa tumemfundisha kwamba kilichobandikwa na mwalimu hakiguswi. Kumbe utii ule tuliousifu kila siku darasani ulikuwa hofu tu iliyovaa sare ya shule.

Jumatatu, tarehe 2 Desemba, mtoto alirudi. Tulisimama mbele ya darasa tukaonyesha utepe, tukaeleza habari ya Jumamosi jioni, tukataja neno tulilomwambia mwenzao, tukamwomba radhi kwa jina lake. Katika gazeti mwandishi husema "sisi", ni desturi nzuri. Lakini siku ile darasani tulisema "mimi". Hakuna neno jingine lililofaa. Watoto hawakucheka. Tulipomaliza tulimwuliza yule kijana kama anataka kusema kitu. Akafikiri, akasema, "Mwalimu, tuanze na msasa."

TULIVYOIMALIZA

Tukaanza na msasa. Pezi lilisuguliwa mpaka mbao, nalo likapakwa upya: nyeupe, manjano, samawati, nyekundu. Mungu alitujalia jua juma lile. Watoto waliweka sheria mbili mpya, nazo zimeandikwa ubaoni kila tutengenezapo kitu.

Ya kwanza ni ya pua. Rangi isishikwe ili kuona kama imekauka, inuswe. Ikiwa yanuka bado, basi ni mbichi, hata kama juu yaonekana kavu. Pua haiachi alama.

Ya pili waliitunga wenyewe, nasi hatukuongeza neno. Yeyote aonaye rangi mbichi aseme "Mbichi!", na wote waache kazi, hata kama aliyefunika ni mwalimu. Siku ya kwanza hakuna aliyethubutu. Siku ya pili msichana mmoja mdogo alisema, kwa sauti isiyosikika vizuri, nasi tukaiweka brashi chini. Siku ya tatu walikuwa wakisema mno, hata kuhusu chai yetu.

Tarehe 9 Desemba yule mvulana aliutoa utepe wa mwisho mbele ya darasa zima. Mistari ya manjano ilitokea imenyoka, na nyota ikawa safi, isipokuwa ncha moja iliyo fupi kidogo. Nyota hiyo tuliikata sisi. Siku ya pili ndege ilibarikiwa baada ya Misa, na mama yake yule kijana alikuwapo. Ndege hiyo tuliining'iniza kwa waya katika dari ya darasa. Jioni, jua likiingia kwa upande, chini ya bendera huonekana bonde dogo mahali msasa ulipozidi kula mbao. Mtu aweza kulijaza na kulipaka tena. Tumeliacha.

Kijana mwenyewe alimaliza darasa la sita na kuendelea na masomo. Hatutaki kumfanya mtakatifu. Alikuwa mtoto kama wengine, na hesabu za desimali zilimshinda. Lakini hatufunguki kinywa mbele ya darasa siku hizi bila kujiuliza ni nani aliyekaa nyuma ambaye ameshagusa kosa letu kwa kidole, naye anyamaza kwa adabu.

Bwana wetu alituonya katika Injili kwamba yaliyofunikwa yatafunuliwa. Tulikuwa tukiyafundisha maneno hayo kana kwamba ni kitisho tu. Fundi wa rangi ayaelewa kwa namna nyingine. Yeye hufunika ili kulinda kilicho kizuri, kwa muda, huku akijua siku ya kufunua. Na tangu mwanzo huifanya kazi yake akiitazama siku hiyo. Afunikaye ili kuficha hana siku aliyoiweka. Yeye hutumaini kwamba utepe utakaa milele, na utepe haukai.

Basi, wazazi na walimu, watoto wenu wakitaka kutengeneza ndege, wanunulieni utepe wa karatasi na wembe mmoja mpya, muwafundishe kupaka nyepesi kabla ya nzito, kuziba ukingo kwa rangi ya chini, na kungoja. Subira yavuta heri. Nanyi mkiwaona wamenyamaza mno mbele ya kazi yenu wenyewe, waulizeni kwa upole kama rangi imekauka.